Mtoto Anayeharisha Asinyimwe Chakula

Masika yanapofika Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru, maji ya mito na visima huchafuka upesi, na watoto wengi huharisha. Wapo wazazi wanaomnyima mtoto chakula ili tumbo lipumzike. Mwezi huu tunaeleza kwa nini kufanya hivyo ni hatari.

Kila siku lita 8 hadi 9 za majimaji huingia katika utumbo mwembamba wa mtu mzima: vinywaji na chakula, pamoja na mate, nyongo na majimaji ya tumbo na kongosho. Sehemu kubwa hunyonywa humo. Kiasi cha lita 1 na nusu hufika utumbo mpana, nao hurudisha mwilini karibu yote. Chumvi ndiyo inayovuta maji. Chumvi ikinyonywa, maji huifuata. Chumvi ikipotea, maji hupotea nayo, na mtoto hukaukiwa.

Utumbo mpana hupata wapi msaada wa kunyonya chumvi? Vimeng'enya vya mate na kongosho huvunja wanga wa chakula kuwa sukari. Lakini wanga mwingine, kama wa ndizi mbichi, huvishinda, ukafika utumbo mpana bado haujameng'enywa. Huko bakteria wasiodhuru huuchachusha, kama maziwa yanavyochacha katika kibuyu, na kutoa asidi nyepesi. Asidi hizo hulisha ukuta wa utumbo na kuusaidia kunyonya chumvi, na maji pamoja nayo. Mtoto asiyekula huukosa msaada huo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2001 huko Bangladesh ulihusu watoto wachanga walioharisha kwa muda mrefu. Waliopewa uji wa mchele uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa walipona upesi kuliko waliopewa uji wa mchele peke yake.

Basi, yatupasa kufanya haya:

1. Mtoto apewe maji ya ORS mara moja, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ndizi hazichukui nafasi ya ORS.

2. Aendelee kunyonya. Aliye chini ya miezi 6 asipewe chakula kingine.

3. Aliyeanza kula apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Mtori wa ndizi mbichi wafaa sana, nazo hazikosekani soko la Tengeru wala Kilombero.

4. Apewe vidonge vya zinki kama atakavyoelekeza mganga. Tusinunue viuavijasumu kiholela, maana huua hata bakteria wanaotusaidia.

5. Akiwa na damu katika choo, macho yaliyodidimia, ulegevu, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali bila kukawia. Njiani aendelee kupewa ORS ikiwa anaweza kunywa.

Uhai wa mtoto ni zawadi ya Mungu tuliyokabidhiwa. Tuutunze.