Gari Linachemsha Mlima wa Kwale: Kweli ni Ipi?

Kabla hujafungua boneti, jiulize gari limechemshia wapi. Sisi wa Matuga tuna vipimo viwili barabarani, na havilipiwi. Kwenye foleni ya feri Likoni gari limesimama, na rejeta haipati upepo ila ule wa feni. Kutoka Kombani kupanda Kwale mambo ni mengine: mji uko karibu mita 400 juu ya bahari, na injini kuukuu inajikaza mlima mzima. Gari linalochemsha Likoni kisha likapoa ukishika mwendo wa Ng'ombeni, mshtakiwa wa kwanza ni feni. Lile linalotulia Likoni likachemsha mlimani, tazama rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka. Lakini gereji nyingi hazikuulizi hilo. Zinakupa maneno haya.

"Themostati ni ya nchi za baridi. Pwani itoe." Uongo.

Hili huharibu injini, na linasemwa kwa uhakika wa kutisha. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Injini isiyofika joto hilo hunywa mafuta zaidi na kulika upesi, hata Diani mwezi wa Februari. Tena Toyota nyingi za zamani zina themostati yenye kazi mbili: inapofungua njia ya rejeta, huziba ile njia fupi inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta. Kwa hivyo gari lililotolewa themostati ili lisichemshe laweza kuchemsha kwa sababu hiyo hiyo.

Ukiishuku, itoe, ifunge uzi na uining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni. Isipofunguka mpaka maji yanatokota, imekufa. Nunua nyingine.

"Maji ya kisima yanatosha." Uongo, ingawa lina chembe ya kweli.

Kweli yenyewe ni kwamba maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti tupu, ndiyo maana kulanti huchanganywa na maji, mara nyingi nusu kwa nusu. Lakini visima vya karibu na ufuo, Waa na Tiwi, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na mengine yana chumvi. Chokaa hiyo unayoiona kama ukoko ndani ya birika ndiyo inayoganda kwenye vijia vya rejeta, na chumvi hula hedi ya alumini. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Ukikwama njiani, tia maji yoyote safi ufike nyumbani, kisha yamwage yote.

"Kifuniko cha rejeta ni kifuniko tu." Uongo.

Kile chenye alama ya 0.9 hushikilia presha inayofanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 118. Mpira wake ukilika, maji yanachemka mapema na kutoroka. Ni kipuri cha bei ndogo, anza nacho.

"Likichemsha, washa hita." Kweli.

Zima AC, washa hita mpaka mwisho, fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Geji isiposhuka, egesha na uzime injini. Usifungue kifuniko kikiwa moto, mvuke wake unachoma uso, na usimwagie injini maji baridi, hedi inaweza kupasuka. Subiri ipoe kabisa.

"Geji ikishuka yenyewe, gari limepoa." Uongo.

Maji yakiisha, kihisi kinabaki hewani na geji inaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Geji ikianguka ghafla, simama papo hapo.

"Feni ikizunguka, ni nzima." Si lazima.

Katika dizeli nyingi za zamani feni huendeshwa na mkanda kupitia klachi. Zima injini ikiwa moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi imekwisha. Feni ya umeme usiiguse, yaweza kuanza yenyewe.

"Limechemsha, basi ni gasketi ya hedi." Mara nyingi uongo.

Gasketi iliyoungua ina dalili zake: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, hosi kuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe usiokwisha, au oili yenye rangi ya maziwa. Usipoona hata moja, usikubali hedi ifunguliwe. Mwambie fundi aangalie kwanza kifuniko, hosi, mkanda, feni na themostati, kisha aupime mfumo wa maji kwa pampu ya presha, nawe ukiwa umesimama hapo unatazama.