Ni Damu Ipi Ionyeshwayo Saa Moja?

Ifikapo saa moja ya usiku, nyumba nyingi za kwetu Kisauni, na kadhalika Likoni na Changamwe, hutulia kutazama taarifa ya habari ya Kiswahili. Aghalabu mtu hungojea tukio la mtaani mwake: kijana aliyekatwa mapanga, au maiti iliyookotwa alfajiri. Mara hulikuta, mara halipo kabisa. Yafaa tuulize: ni nani aamuaye, na kwa kipimo gani?

Kwanza, televisheni hutaka picha. Sisi wa magazeti twaweza kuandika kwa yale tuliyosimuliwa, lakini mpiga picha hana budi afike. Vituo vikubwa makao yake ni Nairobi. Huku Mombasa wameweka watu wachache. Mtu akiuawa Mtongwe jioni, mpiga picha avuke feri, apige picha na kuzipeleka kabla ya saa moja. La usiku wa manane hungoja kesho, na kesho ina misiba yake.

Pili, mhariri huuliza: wamekufa wangapi? Yumo mkubwa au mtalii? Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walipochunguza habari za nchi za nje, walieleza kuwa tukio hupewa nafasi likiwa kubwa, la ghafla, au likiwahusu wenye vyeo. Kipimo hicho hata kwetu kipo.

Itazame Likoni. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, polisi wasiopungua sita wakauawa, na dunia nzima ikapata habari. Tarehe 23 Machi 2014 watu sita walipoteza maisha kwa risasi za waliovamia kanisa. Tarehe 10 Juni mwaka huo huo, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alipigwa risasi akaaga dunia. Misiba hiyo ilistahili kutangazwa, wala sina neno juu yake.

Lakini mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweka tangu 2012. Ni wangapi kati yao uliowaona katika televisheni? Aliyetoweka hakuacha maiti wala damu. Kamera ielekezwe wapi? Mamake aketi barazani na picha ya pasipoti mkononi, basi. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Tatu, ni neno la polisi. Mara nyingi afisa ndiye msemaji wa kwanza. Akisema aliyeuawa ni jambazi, jina hilo husomwa hewani usiku ule ule. Jamaa za marehemu hupatikana baada ya maziko, na siku hiyo taarifa imekwisha kuhamia kwingine. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa Sura ya Al-Hujurat imetuonya tusiipokee habari bila ya kuichunguza. Onyo hilo lamhusu mwenye kutangaza, lamhusu na mwenye kutazama.

Liko na jambo jingine la kwetu Kisauni. Genge la vijana wenye mapanga likitajwa jina lake usiku baada ya usiku, jina hilo hugeuka sifa, na watoto wakalichora ukutani. Wananchi wana haki ya kuonywa njia ipi ni ya hatari. Kulitukuza genge si kuonya.

Siombi maiti zionyeshwe zaidi, la hasha! Naomba kifo cha fukara kipate japo sentensi mbili, na mtuhumiwa aitwe mtuhumiwa. Naye aliyeitwa jambazi saa moja ya usiku, mahakama ikimwachilia, atangaziwe saa moja hiyo hiyo.