Redio kuukuu yaweza kucheza muziki wa intaneti bila kupoteza FM

REDIO ya zamani iliyonyamaza kabatini katika nyumba ya Kirumba, jijini Mwanza, inaweza kurudishwa sebuleni na kucheza muziki kutoka mtandao wa intaneti. Kazi hiyo haihitaji kiwanda. Inahitaji simu ya mkononi iliyostaafishwa, waya chache na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu.

Hata hivyo, kabla fundi hajafungua mfuniko, mwenye redio anapaswa kuamua jambo moja: je, redio hiyo itaendelea kupokea matangazo ya bure, au itageuka mlaji mwingine wa kifurushi cha intaneti?

Redio nyingi kuukuu zilitengenezwa kwa ajili ya masafa ya kati na masafa mafupi. Ndiyo njia iliyotumiwa kwa miongo mingi na Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa. Miongoni mwa redio hizo ni zile za National, zilizotengenezwa nchini na kampuni ya Kijapani ya Matsushita.

Leo wasikilizaji wengi wa mijini hupata vituo vyao kupitia FM. Kwa sababu hiyo, redio isiyo na FM inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikatoa mvumo mtupu. Kilichopungua ni matangazo ya kupokea, wala si uwezo wa chombo.

Ndani ya redio mna sehemu mbili kuu. Ya kwanza hunasa mawimbi na kuyachuja hadi kupata sauti. Ya pili ni ampilifaya, ambayo huikuza sauti hiyo na kuipeleka kwenye spika. Sehemu hii ya pili, pamoja na spika pana na kasha la mbao, ndiyo hazina ya redio kuukuu, kwani huipa sauti uzito ambao spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa.

Simu hufanya kazi ya sehemu ya kwanza. Hupokea muziki kutoka intaneti, na sauti yake hupitishwa kwa waya kutoka tundu la visikizi hadi kwenye kitasa cha sauti cha redio, mahali ambapo ampilifaya huanzia. Fundi mwangalifu hakati njia ya zamani moja kwa moja. Huweka swichi ndogo ya kuchagua kati ya redio na simu, hivyo FM, kama ipo, hubaki salama.

Simu hutoa sauti kwa njia mbili, kulia na kushoto, wakati redio nyingi za zamani zina njia moja tu. Njia hizo hazipaswi kufungwa pamoja bila kinga. Kila moja hupitishwa kwanza kwenye rezista ya takriban omu 1,000, ndipo ziunganishwe.

Umeme nao unahitaji uangalifu. Redio ya betri kavu nne hutumia volti 6, lakini simu huchajiwa kwa volti 5. Kuiunganisha simu moja kwa moja na betri hizo ni kuihatarisha, hivyo ni lazima kuwe na kifaa cha kushusha umeme. Ukisikika mvumo mara simu inapochajiwa, mara nyingi chanzo ni vyombo viwili kutumia chanzo kimoja cha umeme, na dawa ni kuvitenganisha.

Redio za valvu zinazotumia umeme wa volti 230 ni hatari zaidi. Baadhi hazina transfoma, na chuma cha ndani kinaweza kuwa na umeme. Kapasita zake pia huweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Redio za aina hiyo si za kujifunzia.

Kwa anayetaka kubadili vituo kwa kuzungusha kitasa kama zamani, ipo kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka 2012 ikiwa na ukubwa unaokaribia kadi ya benki. Huenea ndani ya kasha, lakini huhitaji mtu anayeelewa programu.

Baada ya ufundi huja gharama. Muziki unaorushwa kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa. Anayesikiliza saa nne kila siku atatumia karibu gigabaiti 7 kwa mwezi. Kasi ya kilobiti 64 hupunguza matumizi hayo kwa nusu, ingawa ubora wa sauti nao hupungua.

Ipo njia ya kubana matumizi. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 inaweza kubeba takriban nyimbo 4,000 za dakika nne nne kwa kasi hiyo ya 128. Mpenzi wa zilipendwa anaweza kuziweka nyimbo zake humo mara moja, akaziskiliza kila siku bila kifurushi, na kuitumia intaneti kwa vituo vya mbali tu.

Kwa mkazi wa Kirumba, ambako maisha ya wengi hufungamana na ziwa na soko la dagaa la Mwaloni, FM si ya muziki pekee. Huleta habari na utabiri wa hali ya hewa bila kumtoza msikilizaji hata senti kwa saa, na haikatiki kwa sababu kifurushi kimekwisha.

Kwa hiyo, mwenye redio anapoipeleka kwa fundi, agizo la kwanza liwe hili: ongeza njia ya intaneti, usiondoe inayofanya kazi. Swichi moja ndogo yatosha kulitimiza.