Kawia Ufike: Pikipiki Mlimani Mwezi wa Desemba

Kila mwaka, zikisalia siku chache kabla ya Krismasi, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera na Korogwe kwenda Moshi na Arusha hugeuka kuwa mto wa magari. Wenyeji wa Kilimanjaro, Upare na Usambara waliotawanyika kwa kazi na biashara hurejea makwao kuwaamkia wazee, kusali na kula pamoja na jamaa. Mabasi huongezwa, na magari madogo hupakiwa mizigo hadi juu ya paa. Miongoni mwao wamo wapanda pikipiki: wengine wanakwenda nyumbani, wengine wanakwenda matembezi tu, kufuata hewa baridi ya Lushoto na kuitazama nyika kutoka kwenye majabali ya Irente. Safu yetu leo inawahusu hao.

Safari ya pikipiki milimani ni furaha ambayo aliye ndani ya gari haipati. Mpandaji huisikia harufu ya mikaratusi, huhisi joto la Mombo likimwacha kidogo kidogo, na husimama apendapo. Lakini furaha hiyo ina mtego wake. Kwa kuwa chombo chake ni chembamba, mpandaji hujiona kuwa foleni haimhusu, na kwamba kila upenyo ulioachwa baina ya magari umewekwa kwa ajili yake. Yafaa ieleweke mapema kwamba usalama wa mpanda pikipiki mlimani huamuliwa kabla ya kona, na usalama wake katika msongamano wa sikukuu huamuliwa kabla hajatoka nyumbani.

Uamuzi wa kwanza ni wa siku na saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 300. Anayeweza kuondoka siku kadhaa kabla ya mkesha na afanye hivyo. Asiyeweza, na aondoke alfajiri mapema ili mchana umkute amekwisha kuvuka sehemu kubwa ya njia. Kusafiri usiku kucha kwa nia ya kukwepa foleni ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine iliyo kubwa zaidi: usingizi, mifugo barabarani, na malori yaliyoharibika yakaachwa bila taa. Kadhalika, mpandaji apumzike kabla ya kuchoka, kwa kuwa mwili uliopigwa na upepo na jua kwa saa nyingi huchelewa kutambua hatari, hali mwenyewe akidhani yu macho.

Akiwa ndani ya msafara wa magari, asigande nyuma ya basi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hupita mita 22 kwa kila sekunde moja; basi na aache mwanya wa sekunde mbili, yaani kiasi cha mita 44, na zaidi ya hapo mvua inyeshapo. Magari yakimpita na kuujaza mwanya huo, na auache upya bila kinyongo. Aidha, asilipite basi kwa upande wa kushoto linapopunguza mwendo, maana huko ndiko mlango ulipo, na abiria hushuka bila kutazama nyuma. Katika makazi ya watu, mwendo wa kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Desemba ni mwezi wa likizo, na watoto wengi huwa pembezoni mwa barabara.

Pale Mombo, barabara ya Lushoto huacha barabara kuu na kuanza kupanda. Ni takriban kilomita 33 kupitia Soni hadi mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na katika mwendo huo mfupi msafiri hupanda karibu mita 1,000. Njia ni nyembamba. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde. Hapa ndipo malori yaliyojaa matenga ya nyanya, kabichi na karoti hukutana na magari ya wageni wa sikukuu, na hapa ndipo subira hupimwa.

Tufanye hesabu ndogo. Lori lenye urefu wa mita 10 linapanda kwa kilomita 20 kwa saa. Mpandaji anataka kulipita kwa kilomita 40 kwa saa, akianzia mita 15 nyuma yake na kurudi upande wake mita 20 mbele yake. Hapana budi alipite lori hilo kwa mita 45, jambo litakalomchukua sekunde nane. Katika sekunde hizo yeye atakwenda karibu mita 90, na basi linaloteremka kwa mwendo kama wake nalo litakuja mita 90. Ahitaji basi kuona barabara tupu ya mita 180 kabla ya kuthubutu. Kwenye kona zifuatanazo za Soni, ni wapi atakapoona umbali huo? Asipouona, mahali pake ni nyuma ya lori, hata kama moshi unamkera. Hasara yake ni dakika kumi.

Mintarafu ya kona zenyewe, kanuni ni moja: mwendo upunguzwe wakati pikipiki ingali wima. Pikipiki iliyolala konani ikibanwa ghafla kwa breki ya mbele huteleza au husimama wima ikatoka nje ya njia. Mpandaji apunguze mwendo mapema, achague gea inayofaa, aelekeze macho mwisho wa kona, kisha apite kwa moto mdogo usiobadilika. Asiukaribie mstari wa kati, kwani magari marefu hayana budi kuuvuka yanapokata kona kali. Tena Desemba mvua za vuli huwa bado hazijaisha mlimani: ukungu hushuka, na udongo na mawe huporomokea njiani.

Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda. Wako wanaozima injini ili kuokoa petroli na kuiacha pikipiki iserereke hadi chini. Huo ni uchumi wa hatari. Gea ya pili huifanya injini yenyewe izuie mwendo, lakini aliyezima injini huziachia breki kazi yote, nazo zikipata moto hupungua nguvu. Tukumbuke pia kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayopaswa kuzuiwa huzidi mara nne; mwongezee abiria na gunia, na breki hiyo hiyo ina kazi kubwa zaidi.

Kuhusu kofia ngumu, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimo katika hesabu hiyo. Na abiria, awe mke, mtoto au mama mzazi, ana kichwa kama cha dereva.

Wajibu huu si wa mpanda pikipiki peke yake. Dereva wa basi anayemsukuma kwa honi kwenye mteremko, na mwenye lori anayeegesha konani bila kuweka alama, nao wanashika roho za watu mikononi. Askari wa usalama barabarani wangesaidia zaidi kwa kuwa mlimani penye kona kali kuliko kukusanyika tambarare tu.

Huko juu mzee amekwisha kumfunga mbuzi na anatazama njia. Hatauliza mwanawe amefika saa ngapi. Wahenga walisema kawia ufike, na barabara ya mlima mwezi wa Desemba haina sheria iliyo fupi na ya kweli kuliko hiyo.