Kombe Lililofika Eldoret Mara Tatu

Mtu akiutaja mji wa Eldoret mbele ya wageni, neno la pili atakalolisikia ni mbio. Wala si ajabu, maana hata uwanja mkubwa wa mji huo umepewa jina la Kipchoge Keino, aliyeshinda nishani ya dhahabu huko Mexico mwaka 1968, na nyingine tena huko Munich mwaka 1972. Lakini liko jambo moja ambalo vijana wengi wa leo hawalijui, na wazee wanaolijua hawalisemi sana. Katika muda wa miaka minane tu, Kombe la taifa la kandanda lilichukuliwa na timu za Eldoret mara tatu. Timu ya Rivatex ililitwaa mwaka 1990, ikalitwaa tena mwaka 1995, na mwaka 1997 likachukuliwa na KCC ya Eldoret.

Siku hizo liliitwa Kombe la Dhahabu la Moi. Thamani yake haikuwa katika madini yake peke yake. Katika ligi, timu iliyoshindwa leo yaweza kujirekebisha wiki ijayo. Katika Kombe, ukishindwa mara moja umekwisha, unafunga virago. Tena aliyelishinda alipewa haki ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Washindi la Afrika, mashindano yale yale ambayo Gor Mahia iliyashinda mwaka 1987 kwa kuipiku Espérance ya Tunis. Basi wafuma nguo na wachakata maziwa wa Uasin Gishu walifunguliwa mlango ule ule uliofunguliwa klabu kubwa za Nairobi.

Leo msomaji akiutazama msimamo wa ligi kuu ya Kenya katika gazeti, hatayaona majina hayo mawili. Je, yalikwenda wapi? Wako wanaosema kwamba vijana wa siku hizi hawajui mpira, na wengine husema kwamba watu wa Eldoret wameupenda ukimbiaji wakauacha mpira. Maneno hayo mimi siyakubali. Mtu akitaka kujua habari za timu hizi, asianze uwanjani, bali aanze penye lango la kiwanda.

Mji wenyewe ulianza kidogo sana. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililoandikwa nambari 64 katika ramani ya mashamba ya walowezi, ndiyo maana wazee wauita mji huo Sisibo mpaka leo, na uwanja wake mmoja waitwa Sitini na Nne. Reli ilifika mwaka 1924, na mwaka uliofuata, 1925, walowezi wakaunda ushirika wa maziwa uitwao KCC, ambao baadaye ulikuwa na viwanda katika miji mingi, Eldoret ukiwa mmojawapo. Kwa miaka mingi ushirika huo ulikuwa wa wazungu. Mkulima Mwafrika alipoanza kuruhusiwa na kusaidiwa kufuga ng'ombe wa gredi, hasa baada ya mwaka 1954, naye alianza kupeleka maziwa yake. Na baada ya Uhuru ndiye aliyeujaza.

Rivatex ilikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1970. Jina hilo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya Nguo za Bonde la Ufa. Kilikuwa kiwanda kikubwa ambacho pamba iliingia kwa upande mmoja ikiwa marobota, ikasokotwa nyuzi, ikafumwa, ikatiwa rangi na kupigwa chapa, ikatoka kwa upande wa pili ikiwa kitambaa tayari kwa fundi cherehani. Wakulima wa pamba wa nchi za Nyanza na Magharibi walikuwa na mnunuzi, na vijana wa Eldoret walikuwa na kazi.

Sasa, wasiojua desturi za zamani yafaa waelezwe jinsi timu ya kiwanda ilivyoendeshwa. Kijana mwenye mguu mzuri aliandikwa kazi. Jina lake liliingia katika daftari la mishahara pamoja na majina ya makarani, mafundi na madereva. Asubuhi alifanya kazi, au alionekana kuifanya. Jioni aliruhusiwa kwenda mazoezini. Viatu, jezi, basi la safari na chakula cha njiani vyote vililipwa na ofisi. Aliyevunjika mguu alitibiwa kwa gharama ya kampuni. Tena, na hili ndilo lililowavuta wazazi, mchezaji alipozeeka hakutupwa, bali aliendelea na kazi yake mpaka pensheni. Mzazi wa miaka ile hakumruhusu mwanawe kucheza mpira ovyo, lakini mpira ulioambatana na mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa habari nyingine.

Kwa desturi hiyo Kenya ilipata timu nyingi za kuogopwa. Kulikuwa na timu ya watengenezaji bia, ambayo leo yaitwa Tusker. Timu ya bandari ya Mombasa. Timu ya sukari ya Mumias, iliyolitwaa Kombe mwaka 1996 na 1999. Na timu ya bomba la mafuta, iliyolitwaa mwaka 2002. Ukiihesabu ile miaka ya 1990 utaona kwamba timu za makampuni zilishindana na Gor Mahia na AFC Leopards bila woga. Mshahara uliolipwa kwa wakati humfanya mtu alale usingizi, na aliyelala usingizi hukimbia vizuri siku ya pili.

Lakini mti uliopandwa katika chungu cha mwenyewe hunywa maji ya mwenyewe. Mapema katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na nguo za kutoka ng'ambo zikaingia kwa wingi, mpya na mitumba. Shati la mitumba liliuzwa sokoni kwa bei ambayo kiwanda hakikuweza kuifikia. Pamba ikakosa mnunuzi, wakulima wakaing'oa wakapanda vitu vingine. Rivatex ikaelemewa na madeni, ikawekwa chini ya msimamizi wa wadai, na ilipofika mwaka 2000 mitambo yake ilikuwa imenyamaza. Msimamizi wa wadai, tuseme kweli, hana kosa anapolifuta fungu la mpira. Kazi aliyopewa ni kulipa madeni, na mshambuliaji hodari si kitu kinachoweza kupigwa mnada.

Habari ya KCC ni chungu zaidi, kwa sababu inamgusa msomaji mkulima mfukoni. Mwishoni mwa miaka ile ya 1990 ushirika ulishindwa kuwalipa watu maziwa yao. Mkulima aliamka saa kumi ya usiku, akakama, akapeleka madebe yake barabarani, akapewa stakabadhi; na mwisho wa mwezi stakabadhi ikabaki kuwa karatasi. Kumbuka kwamba Kombe lilikuja mwaka 1997, katika siku hizo hizo ambazo mambo ya ushirika yalikuwa yakienda kombo. Mwaka 2000 mali za ushirika ziliuzwa kwa kampuni ya watu binafsi, na mwaka 2003 serikali mpya ikazirudisha, likazaliwa jina la New KCC. Maziwa yakapata tena mwenyewe. Lakini ile timu iliyolitwaa Kombe haikurudi katika ligi kuu.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji walifikirie. Fedha zilizonunua viatu vya timu ile zilitoka wapi? Zilitoka katika maziwa. Mkulima wa Moiben, wa Kapseret au wa Turbo ambaye hakupata kuingia uwanjani hata siku moja alikuwa amechangia, pengine senti kidogo kwa kila galoni, safari ya timu mpaka Mombasa. Lakini hakuwa mwanachama wa timu. Hakuulizwa neno ilipoundwa wala ilipovunjwa. Hakuwa na kadi wala kura, wala hakujua mweka hazina ni nani. Basi timu ilipoanguka hakukuwa na mtu wa kusema, "Hii ni yangu, haifi." Mashabiki walikuwako, ndiyo, tena wengi, lakini shabiki asiye na kadi ni kama mgeni arusini, ataimba na kula, na ndoa ikivunjika hataitwa shaurini.

Itazameni AFC Leopards, iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Katika miaka ya 2000 klabu hiyo ilidhoofika kwa magomvi na ukosefu wa fedha hata ikashuka daraja, jambo ambalo wazee wake hawakulidhania. Lakini kufikia mwaka 2009 ilikuwa imerudi juu, na mwaka 2013 ikalitwaa Kombe. Haikuwa na kiwanda. Ilikuwa na watu. Sisemi kwamba klabu za wanachama ni pepo. Uchaguzi wao una makelele, na wachezaji wao mara nyingi wamekaa miezi bila mishahara, wakati wenzao wa makampuni walikuwa wakilipwa kila mwisho wa mwezi. Kama kijana wangu angekuwa na kipaji cha mpira mwaka 1990, ningempeleka Rivatex, wala nisingesita. Lakini mchezaji hutafuta mshahara wa mwezi huu, nao mji hutafuta timu ya kuwarithisha wajukuu.

Waingereza, waliotuletea mchezo huu, nao walikuwa na timu za viwanda. Mwaka 1895 wafanyakazi wa kiwanda cha kuunda meli cha Thames Ironworks, mashariki ya London, waliunda timu chini ya tajiri wao. Mwaka 1900 timu hiyo ilitenganishwa na kiwanda, ikaundwa upya kwa hisa zilizouzwa kwa watu wote, ikaitwa West Ham United. Kiwanda kilifungwa mwaka 1912. Timu yangali ipo, na katika beji yake zimo nyundo mbili za waunda meli ambao mitambo yao ilinyamaza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tofauti kati yake na Rivatex ni ile miaka kumi na miwili: waliondoka nyumbani kabla nyumba haijaanguka.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa mji mdogo wa Hereford. Wafugaji watalitambua jina hilo, maana ndiko alikotoka yule ng'ombe wa nyama mwekundu mwenye uso mweupe. Klabu ya mji huo, Hereford United, iliundwa mwaka 1924, na kabla ya mechi kubwa fahali wa aina hiyo huzungushwa uwanjani watu wamwone. Mwezi wa Februari 1972, ikiwa bado nje ya ligi ya wataalamu, iliifunga Newcastle United mabao 2 kwa 1 katika Kombe la Uingereza, juu ya uwanja wa matope ambao mkulima wetu angeuonea haya kulisha ng'ombe. Ushindi huo hutajwa Uingereza mpaka leo.

Lakini sifa hazilipi madeni. Mwaka 2014 klabu hiyo ilifukuzwa katika ligi yake, na mwezi wa Desemba mahakama ikaifuta kabisa. Mji huo una watu wachache kuliko baadhi ya mitaa ya Eldoret ikijumlishwa pamoja, kwa kuwa Eldoret ilihesabiwa watu 475,716 mwaka 2019. Walifanyaje? Chama cha mashabiki na wafanyabiashara wa mji waliunda klabu mpya kabla mwezi haujaisha. Baraza la wilaya, ambalo ndilo lenye uwanja, likawapa mkataba wa kuutumia. Wakaanza chini katika daraja la tisa, na katika misimu mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, wakapanda daraja kila mwaka. Na fahali akarudi uwanjani.

Nasi hapa tuna nini? Rivatex yenyewe ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikatiwa mitambo mipya kwa mkopo wa kutoka India, na mwezi wa Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akaifungua tena. Tangu mwaka 2013 viwanja vya mji viko chini ya serikali ya kaunti, na mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Michezo, ambayo yamtaka kila mwenye klabu aiandikishe kwa Msajili wa Michezo akiwa na katiba yake. Mwezi wa Agosti 2024 Eldoret ikapewa hati ya kuwa jiji.

Na wakulima wa Uasin Gishu wanajua mkutano mkuu wa mwaka ni nini. Wanajua kumhoji mweka hazina, kusoma hesabu ubaoni na kumwondoa mwenyekiti asiyefaa. Mambo hayo wameyajifunza katika vyama vya maziwa na vya mahindi, mengine kwa machozi. Watu elfu moja wakitoa shilingi mia moja kila mwezi, kwa mwaka zitakuwa shilingi 1,200,000. Fedha hizo hazitoshi timu ya ligi kuu. Zatosha kuianzisha timu katika daraja la chini, kununua mipira na nauli za basi, na kumpa kila mmoja wa hao elfu moja kadi yenye jina lake.

Kiwanda chochote kikitaka kuandika jina lake mbele ya jezi zao, na kikaribie, kilipe.