Msumeno wa Meza wa Kwanza: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mkazi anayejitengenezea meza, kitanda au mizinga ya nyuki katika saa zake za mapumziko hufikia siku ambayo msumeno wa mkono haumtoshi. Kupasua ubao wa mninga kwa urefu wake, upana ukabaki uleule mwanzo hadi mwisho, ni kazi nzito kwa mkono, lakini kwa msumeno wa meza ni kazi ya dakika chache. Mashine hiyohiyo, hata hivyo, inaweza kumwondolea mtu vidole kabla hajatambua kilichotokea. Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa mara ya kwanza hana budi kutanguliza usalama, kisha umeme, kisha unyoofu wa mpasuko. Bei ifuate baada ya hayo.

Kinga ya diski

Diski ya milimita 250 inayozunguka mara 4,500 kwa dakika hupeleka meno yake kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ubao unapopasuliwa, mara nyingi nyuzi zake hujifunga na kuibana diski kwa nyuma. Hapo meno yanayopanda huunyanyua ubao na kumrushia aliyesimama mbele ya mashine. Mkono uliokuwa ukisukuma huweza kuvutwa kwenye diski.

Kinachozuia ajali hiyo ni bamba dogo la chuma linalosimama nyuma ya diski na kuuacha wazi mpasuko. Unene wake huwa mdogo kuliko upana wa mpasuko, lakini mkubwa kuliko bati la diski. Mashine isiyo na bamba hilo, au isiyo na gadi ya kuifunika diski kwa juu, isinunuliwe hata ikiwa bei yake ni nusu.

Swichi nayo inahitaji kukaguliwa. Umeme ukikatika mashine ikiwa imewashwa, swichi nzuri hujizima na hubaki imezimwa umeme unaporejea. Swichi duni huiacha mashine ianze kuzunguka yenyewe, pengine mtoto akiwa karibu. Muuzaji aombwe kuiwasha, kuchomoa plagi, kisha kuirejesha, watu wote wakiwa mbali na diski. Ikianza kuzunguka yenyewe, mnunuzi aende duka jingine.

Umeme wa nyumbani

Nyumba nyingi nchini hupata umeme wa njia moja wa volti 230, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Mashine ya wati 1,500 hadi 2,000 huendeshwa na soketi hiyo bila shida na huwatosha wengi wafanyao kazi kwa mapumziko. Mota ya njia tatu huhitaji kuunganishiwa umeme wa aina hiyo, gharama ambayo wanunuzi wengi huigundua baada ya kulipa.

Mashine za mitumba zisomwe kibao chake. Zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani huwa za volti 100, na za Marekani volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa hapa, mota huungua. Waya wa nyongeza uwe mfupi na mnene, usiopungua milimita mraba 2.5, na ukunjuliwe wote kabla ya kazi.

Unyoofu wa mpasuko

Reli inayouongoza ubao lazima ikae sambamba na diski na isicheze inapokazwa. Mnunuzi aende na futi yake, apime kutoka kwenye reli hadi jino la mbele, kisha hadi jino la nyuma, mashine ikiwa imechomolewa. Vipimo vikitofautiana na reli ikawa hairekebishiki, ubao utabanwa na kuungua kingo.

Diski yenye meno 24 hufaa kwa kupasua, ya meno 60 kwa kukata kwa upana, na ya meno 40 kwa kazi mchanganyiko. Tundu la katikati la diski lilingane na shafti ya mashine.

Mashine za kujiundia

Baadhi ya watu huugeuza msumeno wa umeme wa kushika mkononi na kuufunga chini ya meza bila gadi. Wengine hufunga diski ya mbao kwenye grainda, ambayo huzunguka kwa kasi kubwa kuliko ile ambayo diski nyingi za mbao zimetengenezewa. Njia zote mbili zaonekana nafuu, lakini gharama ya kidole kilichokatika haina marejesho.

Baada ya kununua

Glavu, mtandio na mikono mirefu ya nguo visivaliwe karibu na diski. Ubao mwembamba usukumwe kwa kijiti, wala si kwa vidole. Miwani na barakoa vivaliwe, kwani vumbi la mbao, hususan la mvule, huwasha pua na ngozi, na likivutwa kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani. Kazi ikiisha, plagi ichomolewe.

Mkazi asiyewahi kuitumia mashine hii ajifunze kwanza kwa seremala mzoefu au katika chuo cha VETA. Anayekusudia kuigeuza burudani yake kuwa biashara afike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri kuulizia leseni, na akumbuke kwamba karakana inayoajiri watu huwajibika chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.