Chagua hedifoni za gemu bila kuumiza masikio

Ukicheza gemu za kompyuta kwenye kibanda huko Mwese huku jenereta ikinguruma, utaongeza sauti ili usikie. Hapo ndipo masikio huumia. Chagua hedifoni zinazofunika sikio lote: hupunguza kelele za nje, hivyo sauti ndogo hutosha. Kipaza sauti kiwe karibu na mdomo, wenzako wakusikie bila kupiga kelele.

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki; ikifika 90, saa 4 tu. Weka sauti chini ya asilimia 60 na pumzika mara kwa mara.

Masikio yakiendelea kuvuma baada ya mchezo, nenda kituo cha afya. Seli za kusikia zikifa, hazioti tena.